Leseni ya Bunduki, Leseni ya Ndoana na Cheti cha Askari Mzee

Ndugu mkulima, huenda wewe ni mmoja wa wale waliotoka jeshini wakapata shamba katika skimu, au baba yako alikuwa mmoja wao. Ikiwa ni hivyo, yawezekana umepata kujiuliza hivi: "Mimi nilitumikia nchi yangu miaka mingi. Nguruwe mwitu wanachimbua viazi vyangu, na mto unaopita chini ya shamba langu una samaki. Je, askari mstaafu hapati leseni ya kuwinda au ya kuvua kwa bei nafuu?"

Swali hili si la kuchekwa. Ziko nchi ambazo askari wao wa zamani hupata nafuu ya namna hiyo. Kwa Kenya, jibu ni fupi upande mmoja na refu upande wa pili. Kwa uwindaji, hakuna leseni ya kuwinda wanyama wa pori kwa mchezo au kwa kitoweo, kwa bei kamili wala kwa nusu bei, tangu mwaka 1977. Kwa uvuvi, leseni ipo, na habari zake utazisoma mbele kidogo.

Lakini kabla ya kufika huko yafaa tutazame leseni ni kitu gani hasa. Watu wengi wamepata hasara kwa kudhani kwamba karatasi ya ruhusa ni sawa na karatasi ya haki. Mfano mzuri wa jambo hili hauko mbali. Uko Nairobi, kati ya Kibera na Kawangware, mahali ambapo labda mtoto wako amepanga chumba na hukupigia simu mwisho wa mwezi.

BEI YA ZAMANI

Mwanzoni mwa karne iliyopita, Serikali ya kikoloni ilipoweka sheria za wanyama wa pori, leseni za kuwinda zilikuwa za namna mbalimbali. Mgeni aliyekuja kutoka ng'ambo kwa safari ya kuwinda alilipa rupia 750, yaani pauni 50 za siku zile. Mzungu mlowezi mwenye shamba lake hapa nchini alilipa rupia 150 tu. Ofisa wa Serikali naye alilipa rupia 150. Kwa hiyo utaona kwamba nafuu kwa watumishi wa Serikali si jambo geni hata kidogo. Ilikuwako tangu mwanzo, na mwenye kuipata alilipa sehemu moja katika tano ya bei aliyolipa mgeni.

Leseni ile ilikuwa na masharti yake. Ilikuwa na jina la mtu mmoja, wala hakuweza kumpa ndugu yake. Ilikuwa na muda wake, na muda ulipokwisha ilikuwa karatasi tupu. Ilitaja ni wanyama gani awezao kuua na wangapi wa kila aina. Kwa wanyama wakubwa kama tembo, masharti yalikuwa makali zaidi. Na bunduki yenyewe ilitaka kibali chake mbali na leseni ya kuwinda. Mtu mwenye leseni bila kibali cha bunduki alikuwa na kosa, na mwenye kibali cha bunduki bila leseni alikuwa na kosa vile vile.

Sasa tazama jambo moja. Nafuu ile iliandikwa kwa ajili ya maofisa na walowezi. Askari wa kawaida wa Keya, aliyebeba bunduki ya Serikali mchana na usiku, mshahara wake ulikuwa rupia chache kwa mwezi, na rupia 150 zingekuwa mshahara wake wa miezi mingi. Naye Mwafrika aliyewinda kwa upinde na mtego kama babu zake walivyowinda alianza kuitwa jangili. Bwana Nyama alimkamata kwa kitendo kile kile ambacho mgeni alikilipia na kupigwa picha nacho. Twasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yanaonyesha kwamba nafuu huenda kwa yule aliyetajwa na sheria. Hata kama umestahili namna gani, ikiwa sheria haikukutaja, karani wa dirishani hawezi kukupa.

ASKARI WALIOPEWA MSITU

Basi askari wale wa Keya walipewa nini? Wengine walipewa Kibera.

Wazee wa kwanza wa Kibera walikuwa Wanubi, askari wenye asili ya Sudani. Kapteni Lugard aliwachukua wengi wao huko magharibi ya Uganda mwaka 1891, na vikosi vilipounganishwa mwaka 1902 kuwa King's African Rifles, yaani Keya, Wanubi walikuwa miongoni mwa askari wake wa mwanzo. Walipigana katika Vita Kuu ya Kwanza dhidi ya Wajerumani huko kusini. Walikuwa mbali na kwao, na wengine hawakuwa na kwao pa kurudi, kwa maana walizaliwa kambini wakaoa kambini.

Tangu mwaka 1904 askari hao na jamaa zao walikaa upande wa kusini-magharibi wa mji wa Nairobi, mahali palipokuwa na miti mingi. Jina Kibra katika lugha yao maana yake ni msitu. Mwaka 1918 mahali pale palitangazwa kuwa ardhi ya jeshi, karibu ekari 4,197. Askari aliyemaliza kazi yake kwa sifa njema alipewa cheti kilichomruhusu kujenga nyumba, kulima shamba na kuchunga ng'ombe wake. Hakulipa kodi ya ardhi. Kwa maneno mengine, ile ilikuwa nafuu ya askari mstaafu, na ilikuwa nafuu kubwa kuliko leseni yoyote ya swala au ya samaki.

Sasa usome masharti yake kama mkulima asomavyo masharti ya mkopo. Cheti kiliruhusu kukaa. Hakikusema kwamba ardhi ni mali ya mwenye cheti. Hakuweza kuiuza. Hakuweza kuiweka rehani apate fedha za kununulia ng'ombe wa maziwa au waya. Haki ya mtoto wake baada ya yeye kufa haikuwa wazi. Na aliyeitoa ruhusa aliweza kuitazama upya wakati wowote aonapo vema.

Jeshi lilipoacha kuisimamia Kibera mwaka 1928, ikaingia mikononi mwa maofisa wa kiraia, maneno yalibadilika. Maofisa wapya hawakuwajua wazee wale kwa nyuso, wala hawakupigana pamoja nao. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Bwana Carter ilitoa taarifa yake mwaka 1934. Ilisema Serikali ilikuwa na wajibu kwa askari hao wa zamani, lakini iliwahesabu kuwa watu wanaokaa katika ardhi ya Serikali kwa idhini tu. Angalia uzito wa maneno hayo. Wajibu wa Serikali ulikubaliwa, haki ya ardhi haikukubaliwa.

Yaliyofuata yanajulikana na kila mtu aliyepata kushuka katika stesheni ya Kibera. Mji ulikua. Watu wa kila kabila walikuja kutafuta kazi, wakapanga vyumba kwa Wanubi, kisha wakajenga vyao kwa ruhusa ya chifu. Baada ya Uhuru mitaa ya Serikali ilijengwa juu ya mashamba ya zamani: Ayany, Olympic, Fort Jesus na mingineyo. Mashamba ya mahindi ya Makina na Lindi na Laini Saba yakawa vichochoro. Wanubi walidai hati ya ardhi kizazi baada ya kizazi. Hata kitambulisho cha taifa vijana wao walikipata kwa kuhojiwa zaidi ya wenzao, mpaka mwezi wa Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za watoto ikasema kwamba watoto wa Kinubi wa Kenya wametendewa isivyo haki.

Mwezi wa Juni 2017 ndipo jumuiya ya Wanubi ilipokabidhiwa hatimiliki ya ardhi ya Kibera, ya pamoja. Ilikuwa ya ekari 288.

Piga hesabu wewe mwenyewe, ndugu mkulima, kama unavyopiga hesabu ya magunia. Kutoka ekari 4,197 hadi ekari 288, na miaka 99 katikati.

UPANDE WA PILI WA NGONG ROAD

Ukivuka Ngong Road ukaenda kaskazini na magharibi kidogo, utafika Kawangware. Mgeni aonavyo, mahali hapa na Kibera pamefanana: mabati, matope wakati wa mvua, mama anayeuza mboga, kijana wa bodaboda, vyumba vya kupanga vilivyobanana. Lakini chini ya mabati kuna tofauti ambayo haionekani kwa macho, kwa maana iko katika faili ya ofisi ya ardhi.

Kawangware ilikuwa sehemu ya nchi ya Wakikuyu wa Dagoretti, katika wilaya ya Kiambu. Ardhi ilikuwa ya ukoo, githaka ya mbari, nayo ilijulikana kwa mipaka ya mito na miti. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vipande vya mashamba vilikusanywa, vikapimwa, vikaandikwa kwa jina la mtu mmoja mmoja, na sheria ya mwaka 1959 ikatia nguvu maandiko hayo. Kwa hiyo Nairobi ilipopanua mipaka yake wakati wa Uhuru ikaichukua Kawangware, iliwakuta wenyeji wengi wana hati mikononi. Walipoona mji umewafikia, waliacha kulima wakajenga vyumba. Na mwenye shamba ndiye aliyekuwa mwenye vyumba.

Hatusemi kwamba kazi ile ya kuandika ardhi ilifanywa kwa haki kwa kila mtu. Ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, watu wengi wakiwa vizuizini, na wengine waliporudi walikuta shamba limekwisha andikwa kwa jina la jirani. Tena ahoi, yaani watu waliolima kwa idhini ya mwenye githaka, walikosa mahali pa kusimama pale githaka ilipogeuka kuwa namba katika daftari. Hao nao walikuwa na ruhusa bila hati, na wajukuu wao wengi ndio wapangaji wa leo. Hata hivyo aliyepata hati Kawangware aliweza kurithisha, kukopa, kuuza, na kumshtaki mtu aliyevamia. Askari mzee wa Kibera, aliyepigania mfalme wa watu wengine kutoka Nairobi mpaka kusini ya Tanganyika, hakuweza hata moja katika hayo manne. Na mwezi wa Julai 2018, tingatinga zilipopita Kibera kufungua njia ya barabara, watu waliobomolewa walikuwa na nyumba zao wenyewe, lakini hawakuwa na ardhi iliyo chini yake.

Kama wewe ni mzungu mlowezi uliyetoka vitani mwaka 1919, mambo yalikuwa mengine kabisa. Mwaka ule zaidi ya mashamba elfu moja ya nyanda za juu yaligawiwa askari wa Kizungu kwa bahati nasibu mjini Nairobi, mengine bure kabisa, mengine kwa bei ya kulipa polepole. Vita vilikuwa vile vile. Karatasi zilikuwa mbalimbali.

LESENI ILIYOFUTWA KWA SIKU MOJA

Turudi kwa bunduki. Leseni za kuwinda ziliendelea baada ya Uhuru. Sheria ya wanyama wa pori iliandikwa upya mwaka 1976, na watu wengi walidhani kwamba uwindaji wa leseni umepata sheria mpya ya kudumu. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata Serikali ikatoa tangazo katika Gazeti lake, na uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Makampuni ya safari yaliyokuwa na wageni waliokwisha lipa, na wawindaji waliokuwa na leseni mfukoni, wote walisimama pale pale. Mwaka 1978 biashara ya pembe, ngozi na mapambo ya wanyama nayo ikafungwa. Wanyama walikuwa wanapungua upesi, tembo na faru hasa, na Serikali iliona kwamba haiwezi kumtenga mwindaji wa leseni na jangili wakati wote wawili wanabeba pembe.

Twakubali kwamba marufuku hiyo inagombaniwa mpaka leo. Wako wenye mashamba makubwa wanaosema mnyama asiyeleta faida kwa mwenye shamba hatadumu. Tanzania, jirani yetu, imeacha uwindaji wa leseni uendelee. Lakini sheria ya Kenya ya mwaka 2013 haikufungua mlango. Ilikataza uwindaji wa mchezo, ilikataza uwindaji wa kitoweo, na ilikataza biashara ya nyama ya porini. Anayetega digidigi au paa kwa waya, hata kwa ajili ya sufuria ya nyumbani, ana hatari ya faini na kifungo.

Kwa hiyo kama mtu atakujia na fomu, akakuambia kwamba kuna leseni ya kuwinda yenye punguzo kwa askari wastaafu, na kwamba atakupatia ukimpa kitu kidogo, mtu huyo ni mwizi. Mpeleke kwa chifu. Serikali haiwezi kupunguza bei ya kitu ambacho haiuzi.

Na wale nguruwe na tembo je? Usiende na panga wala sumu. Toa habari mapema katika kituo cha Shirika la Wanyamapori kilicho karibu nawe, na usiondoe mazao yaliyoharibiwa wala kupanda juu yake kabla hayajatazamwa. Piga picha kwa simu. Pata namba ya taarifa yako. Sheria ile ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa, na milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu. Kwa mazao na mifugo fidia hupimwa kwa hasara yenyewe. Madai hupitia kamati ya kaunti, nayo hayaendi mbio, kama wengi wenu mnavyojua kwa uchungu.

Mambo mawili hukosesha watu fidia. La kwanza, sheria ina orodha ya wanyama. Tembo, nyati na kiboko wamo, lakini si kila mnyama alaye mahindi yamo jina lake. Uliza kabla ya kupoteza nauli. La pili, mkulima asiyefanya jitihada ya kulinda shamba lake aweza kunyimwa. Weka boma, weka mlinzi wa usiku, na uwe na shahidi wa hayo. Huko Aberdare ua wa umeme wa karibu kilomita 400 ulimalizika mwaka 2009, na watu wa skimu zilizo kando ya msitu wanaweza kukueleza tofauti ya mavuno ya kabla na ya baada.

SAMAKI

Upande wa samaki mambo ni mepesi zaidi, ingawa nao una historia yake ya kabaila. Trauti, yule samaki wa maji baridi wa milimani, hakuwa wa huku. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na Bwana Grogan, wakatiwa katika mto Gura huko Aberdare, ili walowezi wapate mchezo wa kwao. Mto ukawa na leseni, na mtoto wa mwenyeji aliyetupa mshipi akawa mwizi wa samaki. Leo trauti wafugwa na Waafrika kwa kuuza hotelini, nalo ni jambo jema.

Hata Kibera ilikuwa na maji ya kuvulia. Mwaka 1953 lilijengwa Bwawa la Nairobi, linalopokea mto Motoine, kwa ajili ya maji ya akiba ya mji. Kwa miaka mingi watu walikwenda huko kwa mashua za tanga na kwa ndoana. Kisha taka na maji machafu ya mji yakaingia, magugu maji yakafunika, na leo ukisimama ukingoni utadhani ni shamba la majani. Hapana leseni iwezayo kumpa mtu samaki mahali ambapo samaki hawezi kuishi. Wenye skimu zilizo na mabwawa ya zamani ya walowezi walitazame bwawa lile kabla ya kuelekeza maji ya zizi la ng'ombe au ya kuoshea bomba za dawa kwenye bwawa lao.

Sheria ya uvuvi itumikayo ni ya mwaka 2016. Tangu Katiba ya mwaka 2010 kazi nyingi za uvuvi wa bara ziko chini ya kaunti, kwa hiyo ada ya leseni ya kaunti moja yaweza kuwa mbalimbali na ya jirani yake. Mwone Bwana Samaki wa kaunti yako, au Bwana Shamba akuelekeze kwake. Umuulize haya: leseni ni ya muda gani, ni ya mtu au ya mashua, ni maji gani yanayohusika, ni nyavu gani zinazoruhusiwa, na ni miezi gani imefungwa.

Usidharau hayo mawili ya mwisho. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki zimekatazwa Kenya, ingawa utaziona zikiuzwa. Katika Ziwa Viktoria uvuvi wa omena hufungwa tangu Aprili hadi Julai ili wazaliane. Ziwa Naivasha lilifungwa mwaka mzima tangu Februari 2001 kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha, na waliokuwa na leseni zao walikaa ufukweni kama wasiokuwa nazo. Hiyo ndiyo tabia ya leseni. Haikuahidi samaki, ilikuondolea kosa tu la kuvua pale panaporuhusiwa.

Anayechimba kidimbwi cha ngege au kambare katika shamba lake mwenyewe yuko katika hali bora kuliko mvuvi, kwa maana ardhi ni yake na samaki ni wake. Tangu mwaka 2009 Serikali ilisaidia kuchimba vidimbwi 200 katika kila eneo la bunge kati ya maeneo 140, na vingi vilivyotunzwa vyaendelea kuzaa. Lakini ukitaka kufuga kwa biashara, pata kwanza kibali chako. Wala usichukue samaki wa aina ngeni ukamtia mtoni kwa shauri lako mwenyewe.

NAFUU YA ASKARI MSTAAFU

Sasa tufike kwa swali lako. Huko Marekani kila jimbo lina sheria yake ya leseni. Katika jimbo la Texas, kwa mfano, askari wa zamani aliyepata ulemavu wa kiwango cha asilimia 50 au zaidi kwa sababu ya utumishi hupewa leseni ya kuwinda na kuvua bila malipo. Huonyesha karatasi ya kuthibitisha ulemavu wake, basi. Nafuu imeandikwa, kiwango kimeandikwa, na karani hana la kuamua. Mzee hahitaji kumjua mtu.

Kenya ilipata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022, inayohusu kuwaandikisha na kuwatunza waliotumikia majeshi yetu. Sheria hiyo haikufungua uwindaji kwa mtu yeyote. Kwa upande wa ada ya uvuvi, iangalie Katiba, kifungu cha 210. Chasema hapana kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kuondolewa au kubadilishwa ila kwa sheria. Tena mahali sheria inaporuhusu kumwondolea mtu malipo, ni lazima iwekwe kumbukumbu ya wazi ya kila aliyeondolewa na sababu yake.

Maana yake kwako ni hii. Ukiambiwa na mtu wa ofisini kwamba wastaafu wanalipa nusu, mwombe akuonyeshe ilipoandikwa. Kwa kaunti, mahali pa kutazama ni Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka ule, ambayo hutaja ada zote. Ikiwa haimo, basi ile nusu uliyolipa si nafuu bali ni deni, na askari wa doria atakayekukuta majini ana haki kukudai iliyobaki au kukupeleka mahakamani. Na kama wastaafu wa kaunti yenu wanaona wanastahili nafuu, njia iko wazi: kabla sheria hiyo haijapitishwa, wananchi huitwa kutoa maoni. Nendeni na mwandiko, mtaje ada gani, kwa nani, na kwa cheti gani. Wazee wa Kibera waliitegemea hisani ya maofisa waliowafahamu, na maofisa wale walikwenda kwao.

Tunza cheti chako cha kuachishwa jeshi pamoja na kitambulisho. Fanya nakala, moja ikae kwa mkeo, moja kwa mtoto mkubwa. Mjane asiye na namba ya jeshi ya marehemu hupata taabu kubwa katika kila ofisi.

Ukimaliza, fungua lile sanduku ulilowekea karatasi za shamba. Wengi katika skimu wana barua ya kugawiwa shamba na risiti za mkopo, wakadhani hiyo ndiyo hati. Barua hiyo ni njia ya kwendea hati. Hati yenyewe bado. Kama mkopo wa skimu umekwisha lipwa, uliza katika ofisi ya makazi ya wilaya kama dhamana imeondolewa na kama shamba limeandikwa kwa jina lako. Nenda ungali hai na risiti zingali zasomeka. Chukua kitambulisho, barua ya kwanza, risiti zote, na kama shamba lilikuwa la baba aliyefariki, karatasi ya mirathi kutoka mahakamani. Usiache karatasi za asili kwa karani. Mwachie nakala, naye akupigie muhuri wa tarehe aliyozipokea.